Uyoga wangu umeandikishwa kuwa mnyama hapa Durban, na mume wangu ndiye aliyeuchinja

Wakuu, habari zenu. Wengi humu ni rika la wajukuu wangu, basi shikamoo zenu nimezipokea zote kwa pamoja, tusipoteze muda.

Haya yametokea kwangu, kwenye bafu langu. Siongezi kitu. Mimi ni mzee, na uongo unataka mtu mwenye kumbukumbu nzuri.

Kwetu ni Uvira. Hapa Durban niko miaka mingi, tunakaa flat ya ghorofa ya nne Greyville, mimi na mzee wangu Gaspard. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hiyo mwenye hamu ya kusahihisha herufi zangu asahihishe kimya kimya.

Mambo yalianzia kwenye ngazi.

Lift yetu ilikufa zamani. Siku hiyo mzee anapanda na mfuko wa unga, kufika ya tatu akakaa chini. Jasho baridi. Midomo rangi ya majivu. Nilishuka mbio, na wakuu, nilijiona mjane pale pale, na kijiko cha sombe, yale majani ya muhogo, bado kiko mkononi.

Kliniki wakampima pressure, wakampa vidonge. Sister akamwambia mbele yangu: "Baba, nyama nyekundu punguza. Chumvi punguza. Na hii shisanyama ya kila siku, acha."

Shisanyama, kwa msio wa huku, ni nyama ya kuchoma ya barabarani. Mzee wangu anajulikana pale kuliko kanisani.

Akaitikia yes sister, yes sister. Tumefika kwenye robot, zile taa za barabarani, haijageuka kijani hata, akaniambia: "Mama Furaha, chakula bila nyama ni chakula cha matanga."

Nikapika maharage, akala bugali mtupu. Nikapika dodo, majani ya mchicha, akauliza kama mimi namwona mbuzi. Na kila nikifua koti lake nakuta harufu ya moshi. Mtu anajiua kidogo kidogo na mimi namfulia ushahidi.

Ndipo nikakumbuka uyoga.

Kwetu mvua ya kwanza ikinyesha, mama zetu walipanda mlimani na vikapu. Uyoga na mawese na kitunguu, mchuzi unashika kidole. Una protini, una nyuzi za kusaidia tumbo, mafuta karibu hakuna, na mdomoni unatafunika kama kitu chenye mfupa. Lakini sikilizeni: usiokote porini uyoga usioujua. Kuna mwingine unakula mara moja tu maishani.

Mimi niliamua kuotesha. Dada mmoja wa kanisani ana mbegu, nafaka zenye utando mweupe kama pamba. Akaniambia uyoga huu hautaki shamba, unataka takataka. Nilidhani ananitania.

Kumbe kweli. Overport kuna mgahawa wanatupa masalia ya kahawa kila siku. Maduka wanatupa makartoni. Kule Jacobs kwenye karakana ya vitanda wanatupa unga wa mbao. Yote hayo yalikuwa yanakwenda jalalani kuoza na kunuka. Mimi nikayabeba, nikayachemshia maji ya moto, nikakamua, nikachanganya na mbegu ndani ya ndoo zenye matundu, nikaziweka bafuni. Maji kidogo tu ya kunyunyizia, udongo hakuna, mbolea ya dukani hakuna. Ukimaliza kuvuna, yale mabaki unampa mwenye bustani, mchicha unafurahi.

Dirisha nilifungua, kwa sababu uyoga unapumua kama sisi, na ule unga unaomwaga ukikomaa si mzuri kwa kifua.

Tulioga kwa beseni jikoni. Mzee alilalamika. Nikamwambia akipona tutaoga baharini.

Sasa kosa langu ni moja, wakuu. Mimi kitu ninachofuga naongea nacho.

Ukuta wa bafu nashirikiana na Mama Espe, Mrundi, mtu wa sala, masikio yake yana sala zaidi. Akawa ananisikia asubuhi: "Haya, kunyweni maji, dirisha nimewafungulia mpumue." Kesho yake: "Wewe mbona umekonda, mwenzako anakusukuma?" Na siku ya tatu: "Mmenenepa. Jumamosi nawakata."

Akashuka kwa caretaker, Baba Mkhize, kusema Koko, yaani bibi, wa ghorofa ya nne anafuga wanyama kwenye bafu na anawalisha makartoni.

Mkhize, Mzulu aliyeokota Kiswahili kwetu wapangaji, alikuja na fimbo, glovu, na kikapu cha kubebea paka.

"Gogo, fungua. Nasikia iko kitu hapa." Gogo kwao ni bibi.

Nikafungua. Akachungulia. Ndoo nne, uyoga umetoka kwenye matundu yote, mashungi kwa mashungi, kama masikio yanasikiliza. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Hii ni nini?"

"Mboga."

"Mboga ni plant. Plant ndani ya flat hairuhusiwi, Gogo. Maji yalishabomoa dari ya watu. Itoke leo."

"Sio plant."

Akatoa fomu ya jengo. Iko na visanduku viwili tu: plant, ama pet. Akaigeuza nyuma, labda uyoga uko huko. Hauko.

"Eish," akasema. "Basi tufanye meeting."

Naapa, Jumamosi mchana watu wazima tulikutana kwenye parking, kando ya mapipa ya taka, ndoo yangu moja imewekwa juu ya kiti katikati kama mshitakiwa. Mzee wangu naye alishuka, lakini akakaa upande wa wapinzani. Aliniambia wazi: "Nimekimbia vita mara mbili. Sitakufa nikila kitu kinachoota kwenye kahawa."

Hapo mjue moyo wangu ulikuwaje. Ndoo zikitupwa, mimi sina mpango mwingine. Nitabaki kufua koti la moshi mpaka siku nitakapolikunja.

Mkhize akafungua kikao. "Swali ni moja. Mti ama mnyama?"

Hajji Sefu wa ghorofa ya chini, mzaliwa wa hapa hapa Durban ila Kiswahili chake cha wazee wake, akavaa miwani akautazama. "Mmea hutafuta jua. Hiki kimejificha chooni. Majani hakina, mizizi hakina. Miye siwezi kukiita mmea."

"Sio mmea na sio mnyama," nikasema. "Ni uyoga. Mungu aliumba mafungu matatu, nyinyi mmechapisha visanduku viwili."

"Gogo, mimi sikuchapisha. Mimi natia alama tu."

Mama Espe akasimama, kidole juu. "Ni mnyama! Nimemsikia na masikio yangu. Anakunywa! Anakula makartoni! Koko mwenyewe alisema anapumua!"

Nikamwangalia. Kuna wakati mtu anakuchimbia shimo na maji yanatoka.

"Anapumua kweli, Gogo?"

"Anapumua," nikasema. Huo ni ukweli, nendeni mkaulize waliosoma.

"Ana kelele?"

"Hana."

"Anauma?"

"Hajawahi."

Mkhize akatia alama kwenye pet. Kila flat inaruhusiwa mnyama mmoja, mdogo, asiyebweka. Akaendelea kuandika. Jina? Nikasema Rehema. Rangi? Kijivu. Dume ama jike? Hajji akasema andika jike, kwa kuwa anazaa. Chanjo? Hana. Akagonga muhuri.

Mama Espe alikaa chini kama mtu aliyepanda taxi sio yake.

Nikabeba ndoo yangu. Mkhize akaniita: "Gogo, ngoja. Kama ni mnyama, kuna rule ya kuchinja. Hakuna kuchinja ndani ya jengo bila kutangazia majirani."

"Mimi navuna."

"Mnyama havunwi, Gogo."

Hapo ndipo mzee wangu alipoinuka.

Wakuu, miezi hiyo yote huyu mtu alikuwa kama mgeni mezani kwangu. Akachukua ile karatasi, akaisoma juu mpaka chini, akaisoma tena, akarudisha kidole pale kwenye alama.

"Imeandikwa mnyama."

"Ndiyo, Baba."

"Na muhuri iko."

"Iko."

"Basi mwanamke hachinji nikiwepo. Leteni kisu."

Akapanda ghorofa nne, polepole, mimi nyuma yake nahesabu pumzi zake, akarudi amevaa koti, kisu mkononi. Akapiga magoti mbele ya ndoo. Akamuuliza Hajji kama anataka kusema bismillahi. Hajji akasema kisicho na damu hakichinjwi, lakini sehemu yake ataisubiri hapa hapa.

Mzee akakata shungi la kwanza. Akagawa kama kwetu: paja kwa caretaker, kidari kwa Hajji, shingo kwa Mama Espe kwa sababu ya maneno mengi. Akaniuliza maini yako wapi.

"Hayajaota," nikamwambia.

Nikapika na kitunguu, nyanya, mawese tone, chumvi ya kuonjea tu. Nikaupika ukaiva vizuri, uyoga mbichi ni kesi. Mzee akala sahani mbili. Akachokonoa meno. Uyoga, wakuu, akachokonoa meno!

"Nyama laini," akasema. "Huyu alikuwa bado mtoto."

Nilikwenda jikoni nikasimama na sufuria, machozi yananitoka.

Tangu siku hiyo kila wiki tunachinja. Koti halinuki moshi. Mwezi uliopita sister wa kliniki alitazama mashine akasema endelea hivyo hivyo. Sisemi uyoga umemponya, vidonge anakunywa na atakunywa. Nasema sasa anakula ninachopika.

Mama Espe ana ndoo yake, ameiandikisha, inaitwa Imani. Hajji ana mbili. Makartoni ya jengo hayafiki tena kwenye pipa, tunagombania.

Juzi Mkhize alikuja kukagua wanyama. "Gogo, Rehema bado mzima?"

"Tumemla mara sita."

Akafikiri. Akaandika: afya njema.

Funzo langu: usibishane na mwanaume kuhusu chakula, wala na ofisi kuhusu fomu. Waache wao kwa wao.

Haya, semeni mlivyoelewa, ila kwa adabu. Na anayejua sheria anisaidie: flat moja ni mnyama mmoja, mimi nina ndoo nne, na asubuhi hii nimekuta Rehema anatoka tena kwenye kikapu cha makartoni ambacho sikumpandia. Huyo ni yule yule, ama niandikishe mwingine?