Sauti ya Kumwamsha Baharini

Hapana, hakuzama. Hata kuenda hakuenda, kwa hiyo msiniangalie na hayo macho ya matanga.

Yule mzee Mkenya wa Bugolobi, mimi ndiyo nilikuwa namfulia nguo. Alikuwa fundi wa meli huko bandarini Luzira mpaka akastaafu. Mke wake, Muganda wa hapa hapa, akafa. Basi mzee akasema anaenda Mombasa, anapanda mashua ya tanga, anazunguka dunia yote. Peke yake! Mimi hata soko la Owino siingii peke yangu.

Mnafikiri taabu ni mawimbi? Taabu ni usingizi. Ukiwa peke yako, nani anashika usukani? Nani anaona meli kubwa inakuja kukukanyaga? Lazima ulale kidogo, uamke, uangalie, ulale tena. Mzee akafanya mazoezi mchana, nyumbani. Akaweka matofali chini ya kitanda upande mmoja, kikainama kama mashua, na simu ya kumwamsha karibu na sikio. Simu inalia, inalia, majirani wanapiga ukuta. Yeye anakoroma.

Sasa mimi, kuiga sauti za watu ni ugonjwa wangu. Siku moja nikaacha kufua, nikamwinamia, nikamtolea sauti ya marehemu mke wake, Muganda kabisa: "Taata, amuka, utachelewa safali!"

Macho yamefungwa, akajibu: "Safari, mama. Sema safari." Miaka yote ya ndoa alikuwa anamrekebisha hivyo. Kisha akakaa, akatafuta chumbani na macho. Akaniona mimi na povu mikononi. Nilitaka kucheka, banange, kicheko kikakataa.

"Jaja," akasema polepole, ndivyo bibi anaitwa hapa kwetu, "niwekee hiyo sauti kwa simu."

Nikaiweka. Tangu hapo aliamka kila mara, na kila mara alirekebisha. Akakata tiketi ya basi la Mombasa.

Siku ya kufunga mizigo binti yake akaja kusaidia. Simu ikaita mezani: "Taata, amuka, utachelewa safali!"

Msichana akaangusha koti la mvua. Mzee, ametugeuzia mgongo, anakunja blanketi, akaijibu simu na tabasamu: "Safari, mama."

Huyo binti ulimi ni wa mama yake, haujapungua kitu. Akazima simu, akamshika baba yake mkono, na siku hiyo mzee hakurekebisha neno.

"Baba, mama alikufa. Hayuko bahalini."