Elektroni Iko Wapi Kabla Hatujaipima?

Nilimuuliza mwalimu wetu wa fizikia swali hilo nikiwa Kidato cha Nne, katika shule ya wasichana pale Machakos. Alifikiri kidogo, akasema hajui, na kwamba hata waliovumbua nadharia ya kwanta hawakukubaliana. Sikuwa nimewahi kusikia mtu mzima akisema hivyo kuhusu jambo lililo kitabuni. Nilitoka darasani nimechangamka.

Miaka ya elfu mbili ilipoanza, nilitaka kuandika tasnifu ya uzamili kuhusu misingi ya nadharia hiyo. Msimamizi wangu alivua miwani. "Hesabu zake zinatoa majibu sahihi," alisema. "Zipige, upate kazi. Swali la maana yake waachie waliostaafu."

Nilikataa.

Likizoni nilirudi nyumbani Masii. Tukila muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, mjomba wangu, fundi wa visima, akauliza, "Sasa hiyo masomo yako itatoa maji?"

Wote wakacheka.

"Hapana, mjomba. Lakini hiyo redio yako ya transista isingekuwepo kama watu wasingeuliza elektroni ni kitu gani. Nao hawakuwa wakitafuta redio."

"Kwa hivyo wewe unatafuta redio nyingine?"

"Natafuta kuelewa. Tunaitumia nadharia hii kila siku na hatujui inatuambia nini kuhusu dunia. Mimi siwezi kuishi hivyo."

Mjomba alitafuna polepole. "Basi ukielewa, mtu wa kwanza kuambiwa niwe mimi."

Bado sijamwambia, kwa kuwa bado sijaelewa. Lakini katika tasnifu ile nilionyesha kwamba hoja moja tuliyofundishwa kama ukweli mtupu ilisimama juu ya dhana ambayo hakuna aliyeitaja darasani. Msimamizi aliisoma, akairudia. "Nimeifundisha hii miaka yote," alisema, "na sikuiona." Ndiye aliyependekeza somo la misingi ya nadharia hiyo lianzishwe chuoni, na nilifundishe mimi.

Chuo kilipofungua tawi Machakos mjini, mwaitu, yaani mama yangu, alikuja kunisikiliza. Alikaa nyuma amevaa gauni lake la kanisani, wanafunzi wakibishana hadi muda ukaisha.

"Hesabu sikushika," aliniambia tukitoka. "Lakini watoto wako hawamezi kitu kabla ya kukitafuna."

Kisha akatangulia kuelekea stendi, akisalimia watu asiowajua na kuwaambia binti yake anafundisha pale.