Punje Kumi za Kwenda Kasulu

Asubuhi ile mke wangu Filomena alimwaga punje kumi za mahindi juu ya mkeka, akaanza kuzipanga. Mimi nilikuwa nakunywa uji.

"Sogea, Baba Hafsa," akasema. "Umekalia Tabora."

Nikasogea.

Kila punje ilikuwa kituo cha reli. Baba yake, mzee Bernardo, alitoka Kasulu akiwa kijana, akaja Korogwe kukata mkonge. Manamba, kibarua wa mkataba. Alitembea mpaka Kigoma, akapanda treni mpaka Morogoro, kutoka hapo ni lori kupitia Handeni. Kila mwaka alisema mwakani atarudi. Kaburi lake liko hapa kambini.

Vile vituo alimfundisha mwanawe, kama sisi kwetu Misima tulivyofundishwa alifu madrasa. Kigoma, Uvinza, Kaliua, Urambo, Tabora, Itigi, Manyoni, Dodoma, Kilosa, Morogoro. Filomena aliviimba hata akikoroga uji wa kuuza. Lakini ukimwambia aanzie Morogoro, alikwama. Mzee alifundisha njia ya kuja tu.

Sasa Filomena alitaka kwenda. Kwa hiyo kila asubuhi alipanga punje kutoka upande wake, Kigoma, nami niliziokota kutoka upande wangu, Morogoro, nikitaja jina.

"Mimi sikusoma," nilimwambia siku ya kwanza.

"Punje haitaki shule. Okota."

Mwanzoni nilikosea Itigi kila siku. Baadaye nilizoea.

Safari yenyewe ilikuwa ya Julius. Baba yake alikuwa fundi wa mashine hapa shambani, na yeye anaendesha kindege cha shamba, kile cha kutazamia moto na mipaka. Kina viti viwili. Kimeuzwa kwa mtu wa Kigoma, Julius akipeleke. Kiti kimoja kilikuwa kitupu. Filomena alimnywesha uji Julius kabla hajang'oka meno ya utoto. Hakumwomba. Alimwambia tu kwamba anakwenda naye.

Ni kindege cha polepole. Julius mwenyewe anasema upepo ukikataa, pikipiki za barabara ya Mkata zinakiacha. Mpango ulikuwa siku mbili. Kupita juu ya Handeni mpaka Morogoro, halafu kufuata reli. Mafuta Dodoma. Mafuta na kulala Tabora. Kigoma mpaka Kasulu ni gari.

"Nataka reli iwe chini yangu, mama," Julius alisema. "Injini ikikohoa nishuke palipo na watu."

"Basi kati ya Kaliua na Uvinza isikohoe. Baba alisema pale Malagarasi ni maji huku na huku."

Julius akatazama ramani kwenye simu. Akatazama tena. Akasema ni kweli.

Kasulu yupo shangazi yake Filomena, Ritha, mdogo wake mzee Bernardo. Ni bibi mzee sasa. Tulimpata kwa simu ya mjukuu wake. Hadi leo anasema kaka yake aliwatoroka, akamwacha mama yao analia mlangoni. Neno hilo lilimkaa Filomena. Alikuwa na kisu cha baba yake cha kukatia mkonge, kimelika mpaka kimebaki kama kidole. Alitaka ampe shangazi mkononi, akishike. Alisema mtu aliyekimbia watu wake hafanyi kazi mpaka chuma kiishe.

Kindege kinapimiwa uzito. Julius alisema abiria na mzigo wake wasizidi kilo themanini. Tukaenda bohari, kwenye mizani ya marobota ya mkonge. Filomena akavua ndala, akapanda. Sitini na mbili.

"Kumi na nane zangu," akasema. "Maharage, kanga za shangazi, na kisu."

"Na dagaa?" nikamtania.

"Dagaa kupeleka Kigoma? Ndugu zako walisema umeoa mtu wa mkonge. Hawakusema mtu wa mkonge kaolewa na nani."

Julius alicheka mpaka akaegemea ukuta. Filomena akanivuta. "Panda na wewe."

"Mimi siendi popote."

"Panda tu."

Nikapanda. Sabini na moja. Nikashuka kutafuta viatu vyangu. Sikusikia walichosema nyuma yangu.

Asubuhi ile ya mwisho niliokota punje zote kumi bila kukosea. Filomena akasema, "Haya," akazirudisha kwenye kopo. Saa sita akashika kichwa. Tulimpeleka hospitali kwa bajaji. Walisema presha. Siku ya tatu akafariki.

Mvua zilirefuka, kiwanja cha ndege kikawa matope. Kindege hakikuondoka. Baada ya arobaini Julius akaja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Akasema kiwanja kimekauka. Nikampa kisu, nimekifunga kwenye kitambaa, nikamwambia ampelekee bibi Ritha.

Hakukipokea. "Mimi nitamwambia nini, mzee? Simjui kaka yake."

"Mimi naogopa juu, Julius. Hata mnazi sijapanda."

Akatoa karatasi mfukoni. Sijui kuisoma. Akaweka kidole mahali, akasema, "Hapa sitini na mbili. Hapa sabini na moja. Za kwako zimo tangu siku ile."

Nikamuuliza kwa nini aliziandika. Akaniambia. Sijui kama Filomena alikuwa anajisikia vibaya siku ile ya mizani. Hakuniambia.

Tunaondoka Jumatano. Mzigo wangu ni kilo tisa, kwa hiyo binti yetu Hafsa amepunguza maharage. Kanga zimo. Kisu kimo. Punje ninazo mfukoni. Nitakapofika nitamkalisha bibi chini, nitamwekea kile kisu mkononi, nitamweleza habari za kaka yake.

Filomena alimwambia Julius hivi:

"Andika na kilo za Baba Hafsa. Mimi nikikwama, njia ya kwenda yeye anaijua."