Haikawii

Mwalimu Gertrude alipokuja Mghange kufundisha fizikia, mwaka wa tisini na saba, alimkuta mtu wa maabara na bawa lake la kipepeo, alilolitunza ndani ya kopo la biskuti. Kila muhula mtu huyo aliwaonyesha wanafunzi jambo lilelile. Kwanza alinawa mikono, akafunga vifungo vyote vya koti lake jeupe, kisha akadondosha tone moja la spiriti juu ya bawa. Bluu ya bawa ikageuka kijani. “Hamna rangi hapa,” alisema, kwa sauti ya chini kama yuko kanisani. “Ni vitundu vidogo sana vinavyochezea mwanga. Kitu kikiingia ndani, vinakuambia kwa kubadili rangi. Huko ng'ambo wanajaribu kuvichonga kwenye kipande cha kioo kidogo kuliko ukucha. Siku moja utatia tone la damu, na ugonjwa utajulikana kabla tone halijakauka.” Spiriti ikishakauka na bluu kurudi, alimalizia kwa neno moja: “Haikawii.” Wanafunzi wakambandika jina hilo, naye akaliitikia.

Siku moja Gertrude alifungua kopo mwenyewe. Chini ya bawa palikuwa na bahasha ya hospitali yenye jina la msichana, haijafunguliwa. “Ya binti yangu,” alisema yule mtu, amesimama mlangoni. “Damu ilipelekwa Mombasa. Majibu yalifika tumeshaanua matanga.” Akanawa mikono, akafunga vifungo, akalidondoshea bawa spiriti. Wote wawili wakatazama kijani kikiingia, kisha bluu ikirudi polepole. Gertrude akangoja lile neno. Halikuja.