Chakula cha Jumatatu

Padri wa parokia yetu hakuwa na sauti nzuri, na mahubiri yake yalikuwa marefu hivi kwamba watoto walilala, wakaamka, wakamkuta palepale. Lakini Jumapili moja, katika miaka ile ya Chama kimoja, alitugeukia sisi vijana wa kwaya, huko kwetu Tshopo, akasema maneno machache tu.

"Ku hopitali kuko wagonjwa hawana mutu wa kuwapikia. Nyiye vijana, alors? Muende."

Akakaa. Nasi tukapiga makofi.

Msomaji asishangae makofi hayo kanisani. Wakati ule tulifundishwa kupiga makofi mapema kuliko kusoma. Shuleni, kabla ya masomo, palikuwa na animation, yaani kuimba na kukata viuno kwa sifa za Chama, na yeyote aliyesimama mbele yetu akasema kitu, mikono yetu ilimwitikia yenyewe. Padri alitutazama mpaka makofi yakaisha. Ilionekana wazi kwamba hakupendezwa, na sisi hatukuelewa kwa nini.

Hospitali ile haikuwa na jiko la kulisha wagonjwa. Kila mgonjwa alikuja na garde-malade wake, ndugu wa kumwuguza, mwenye mkeka, sufuria na mbabula, lile jiko la makala, yaani makaa. Uani watu walipika kutwa nzima na moshi ukaingia hadi vitandani. Mgonjwa asiye na mtu alikula siku aliyokumbukwa.

Kwaya ilitii kwa namna iliyoijua. Jumapili iliyofuata tulikwenda wote, sare zimepigwa pasi, ngoma mbele, wali na pondu, mboga ya majani ya muhogo, vichwani. Tuliingia tukiimba. Wauguzi walitoka kututazama, wagonjwa wenye nguvu wakapiga makofi, na kaka yangu akatoa hotuba. Yeye alikuwa kiongozi wa kwaya na pia mpiga ngoma wa animation shuleni, na alipenda hotuba kupita kiasi. Nyumbani hata kuomba chumvi alisimama.

Kwenye kitanda cha mwisho tulimkuta mama mzee aliyeletwa kwa boti kutoka Barumbu, mguu umevimba na una kidonda. Mwanawe alimfikisha, akarudi kwenye nyavu zake. Mama alikula, akaongezwa, akala tena. Hakusema asante. Alimwuliza kaka yangu:

"Na kesho?"

Kaka alicheka. "Mama, tutakuya tena dimanche."

"Kesho iko lundi," mama akasema, maana yake Jumatatu.

Muuguzi mmoja aliyesikia akatueleza, bila hata kupunguza sauti, kwamba dawa za mama yule ni kali na hazinywewi tumbo likiwa tupu. Siku asiyokula hapewi. Na kidonda kikiendelea hivyo, daktari ataukata mguu. Tulitoka tukiimba, ila wimbo haukukolea.

Jumatatu, masomo yalipokwisha, kaka yangu alichukua sufuria ya mama yetu bila kumwambia mtu. Nilimfuata kwa sababu nilijua hajui kupika. Wanawake wa uani walipomwona kijana mzima anapepea mbabula walishika mbavu. "Ee, yaya, bibi yako iko wapi?" wakamwuliza, yaani kaka, mke wako yuko wapi. Aliona haya hadi masikio. Lituma, zile ndizi za kuponda, akaifanya ngumu kama tofali, na mama mzee akaila. Tukarudi siku iliyofuata, na iliyofuata. Wenzetu wa kwaya walikuja mara moja moja, kisha wakabaki na Jumapili yao. Uvimbe ukaanza kupungua.

Ndipo tukatangaziwa kwamba mkubwa mmoja wa kutoka Kinshasa atatua Simi-Simi, uwanja wetu wa ndege. Kikundi chote cha animation kiwe uwanjani tangu alfajiri. Maana yake tuliijua: utasimama juani mpaka ndege itue, na ndege za wakubwa zilitua zilipojisikia. Mama yetu alikuwa Ubundu msibani, hivyo hapakuwa na mwingine wa kupika. Mimi na kaka sote tulikuwa kwenye kikundi.

"Nenda wewe," akaniambia. "Mimi napika."

"Yaya, watakufukuza."

"Nenda."

Nilicheza siku nzima. Ngoma alipewa mwingine, akawa anapotea kila tukifika kiitikio. Mkubwa alishuka alasiri, akapunga mkono mara moja, akaingia garini.

Asubuhi ya pili mkuu wa shule alimwita kaka yangu mbele ya bendera, akamwita mpinga Chama, akamfukuza mpaka itakapoamuliwa vingine. Papa, yaani baba yetu, alikuwa karani wa serikali. Nilijua habari ile itamfikia ofisini kabla ya chakula cha mchana. Nilimwonea kaka yangu fahari na nikamwogopea papa, yote kwa pamoja, na sikujua nianze na lipi.

Kaka hakulia. Alitoka langoni akaelekea kwa padri, nami nikatoroka nikamfuata. Alisubiri sana barazani, kwa kuwa padri alikuwa na watu. Zamu yake ilipofika alisimulia vizuri kabisa, akinyamaza panapostahili kunyamaza, akaiga mpaka sauti ya mkuu wa shule. Nilijua anachongoja. Nami nilikingoja: kwamba Jumapili padri atamtaja mbele ya kanisa zima.

Padri alisikiliza hadi mwisho. "Pole, mwanangu. Nitaenda kumuona directeur wenu wa shule mimi mwenyewe." Kisha akatazama nje, jua limekwisha kupita utosini. "Bon. Na leo, nani anamupikia ule mama?"

Kaka yangu aligeuka kulitazama jua, akashika njia ya mlangoni.

"Kamata kinga," padri akasema, akatuonyesha baiskeli yake ukutani.

Tulipita nyumbani kuchukua sufuria na ndizi, mimi nimekaa nyuma, kaka anakanyaga kwa nguvu zake zote. Hospitalini tulimkuta mama mzee ameketi kitandani. Sahani yake alikwisha kuiosha, ameipakata, anatazama mlango. Hakutuuliza tulikuwa wapi. Kaka hakumsimulia. Alitoka uani akapiga magoti, akaanza kupuliza makala, na safari hii wanawake hawakumcheka.

Mama alikula, muuguzi akampa dawa, akameza. Mguu ule haukukatwa, ingawa siku hiyo hatukuwa na hakika. Kisha akamgeukia kaka yangu, kama kawaida yake.

"Na kesho?"

"Kesho niko," kaka akasema. Hakuwa na shule tena.

Hakusimama kulisema hilo, na hakuna aliyepiga makofi.