Kobe Aliyekuwa na Msiba

Tarehe 9 Mei, 1955, kobe wa marehemu mke wangu alipotea hapa Nakuru. Nilisahau kufunga mlango wa ua. Mama mkwe alikuwa njiani kutoka Mombasa kuja kwenye arobaini ya binti yake, na alishasema ataondoka na kobe huyo.

Nilikusudia kumweleza ukweli, ila si kwa mikono mitupu. Nyuma ya soko nikampata mtu mwenye kobe ndani ya gunia. Kichwa hakikuonekana, wala miguu.

"Mzee, huyu alikuwa wa mama yangu. Tangu tumzike mama, hatoi kichwa."

"Anakula?"

"Wewe siku ya kuzika ulikula?"

Sikuwa nimekula. Nikampa pole na kulipa bila kupatana, maana mfiwa habishaniwi bei. Akaondoka mbio kuliko wafiwa wengi.

Siku tatu kobe alikaa sebuleni. Wageni niliwaomba wapunguze sauti. Jirani alipomletea kabichi, nilimwambia asimsumbue.

Siku ya arobaini, baada ya dua, nilimweleza mama mkwe yote: wa kwanza alipotea kwa uzembe wangu, huyu nimemnunua, naye ni mfiwa mwenzetu.

Akamwinua kwa mkono mmoja, akamgeuza. Mchanga ukamwagika mkekani, likafuata gunzi la mahindi.

"Mwanangu," akasema taratibu, "huyu alitangulia kabla ya binti yangu."

Watu waliokuwa wakinong'ona kwa heshima ya kobe wakaangua kicheko. Mimi nikaenda kuchukua ufagio.