Imondo ya Mwewe

Jumapili iliyopita binti yangu alishuka kutoka juu ya paa akilia, vidole bado vimekunjwa kama vya mtu aliyeshika chapati, lakini chapati hakuna. Tunaishi Gatina, hapa Nairobi, ghorofa ya mwisho kabisa, na huko juu ndiko tunakoanika nguo. "Mathe, mwewe amenipora chapo!" Badala ya kumpa pole, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Hajanisamehe mpaka leo. Hebu nikusimulie wewe, labda utanielewa.

Mimi nililelewa Kibera, kule Soweto West, na nyanya yangu. Tulimwita Kukhu, kama watu wa kwetu Magharibi wanavyowaita nyanya zao. Nyumba ilikuwa chumba kimoja cha mabati kilichogawanywa kwa pazia: mbele sebule, nyuma kitanda nilicholalia na Anti, kitinda mimba wa Kukhu. Asubuhi plot nzima ilinuka makaa na mandazi, na kabla redio ya mtu yeyote haijawashwa, jogoo wa Kukhu alikuwa ameshatuamsha sote. Alikuja naye mjini kwa basi, yeye na kuku jike, ndani ya kikapu. Ukimwambia Kibera si mahali pa kufuga, anakujibu kwamba kuku hana habari na landlord.

Na kweli, kuku wale waliuzoea mji kutushinda. Walijifunza kuvuka mtaro kwa ubao kama watu, kulala juu ya choo, na kula maganda ya viazi. Hata mboga ya managu iliota yenyewe kwenye nyufa za simiti, bila kumwomba mtu shamba. Lakini bingwa wao wote alikuwa mwewe. Kiota chake kilikuwa juu ya mkaratusi nyuma ya shule yetu, na amini usiamini, kilijengwa kwa waya, karatasi za plastiki na soksi yangu ya shule. Kengele ya mapumziko ilipolia, yeye alikuwa tayari ameshakaa kwenye nguzo ya stima, anangoja mandazi yatoke.

Kukhu hakuyaamini hayo. Kwake mwewe alikuwa mwewe: ndege wa kuiba vifaranga, basi. "Nimepigana na mwewe tangu nikiwa msichana," alisema. "Ataniambia nini huyu wa town?" Jirani yetu, mama mmoja kutoka upande wa ziwa aliyeuza omena, wale dagaa wa ziwani, alifunika biashara yake kwa neti ya mbu na kumcheka. "Mama, hizi ndege za hapa zimesoma! Funika chakula!" Kukhu akaguna tu.

Basi ikafika siku ya wageni. Anti alikuwa amempenda fundi mmoja wa milango pale Kibera, na baba ya kijana, aliyekuja kutoka kijijini, alikuwa anakuja kututazama kama tunafaa. Anti hakulala. Alikuwa amemwambia Kukhu waziwazi kwamba asipoolewa na huyo, hataolewa tena. Jogoo akachinjwa. Na hapa lazima uelewe jambo moja: kwetu, mgeni mwenye heshima akiandaliwa kuku, lazima apewe firigisi, ile tunaita imondo. Kuku bila imondo ni tusi. Ni afadhali umpe mgeni sukuma wiki mkaelewana.

Kukhu aliichemsha imondo ile na kuku, kisha akaitoa na kuiweka peke yake kwenye kisahani, juu ya stuli mlangoni, isije ikapotelea kwenye mchuzi. Mimi nikapewa fimbo ya kulinda vifaranga. Mara kivuli kikapita juu ya mabati. "Mwewe!" Kukhu akapaa kama msichana, akafunika vifaranga kwa leso, akakaa karibu nao akimtukana yule ndege kwa Kiluhya ambacho siwezi kukiandika hapa. Mwewe wala hakuwatazama vifaranga. Akapinda, akashuka mpaka kwenye stuli, akachukua imondo na kwenda zake.

"Uwi!" akapiga kelele mama wa omena. Kabla hatujapumua, wageni wakaonekana wakiteremka kutoka upande wa mtaa wa Highrise.

Mzee alikaribishwa, akanawa, akaletewa bakuli. Akachota. Akageuza. Akatafuta mpaka chini, kijana wake anamwangalia huku jasho linamtoka. Mwishowe akachukua paja, akauliza polepole, "Mama, huyu kuku wenu alikuwa anasaga mahindi na nini?"

Kukhu akasema ukweli. Ungekuwa pale ungemhurumia.

"Mwewe?" mzee akasema. "Mwewe anakula kifaranga. Mwewe gani anakula imondo ya kupikwa, kwa sahani? Semeni tu mmeila wenyewe." Akasimama. Mambo ya ng'ombe wa mahari, akasema, tutayaongea siku nyingine, na sote tulijua siku hiyo haipo. Nyuma ya pazia nilimsikia Anti akilia, ameuma shuka asisikike. Niliumia jamani.

Mzee akatoka nje. Hasira alikuwa nazo, lakini paja la kuku hakuliacha. Pale mlangoni akageuka atupe neno la mwisho, akainua mkono ule ule wenye paja: "Nyinyi watu wa Nairobi..."

Hakumaliza. Kilipita kitu kama upepo, na mkono wa mzee ukabaki juu, mtupu, kama wa mtoto anayetaka kujibu swali darasani.

"Yawa!" mama wa omena akasema. "Mzee, si sasa umeona?"

Mzee akatazama mbingu. Akatazama vidole vyake. Kisha tumbo likaanza kumtikisika, akacheka mpaka kofia ikaanguka mtaroni. Akarudi ndani, akaketi, akasema, "Leteni mchuzi. Na huyo msichana aache kulia."

Tangu siku hiyo Kukhu alifunika vyakula kwa neti, na kila palipokuwa na posa kwenye ukoo wetu alirusha imondo moja juu ya mabati. "Mgao wa mshenga," alisema.

Sasa Kukhu hayupo. Mkaratusi ulikatwa, na plot yetu sijui ni ya nani. Jumamosi hii binti ya Anti analetewa wageni, na kupika nimepewa mimi. Nilinunua kuku dukani: hana kichwa, hana miguu, na imondo hana. Imondo zinauzwa kando, zimejaa kwenye pakiti, za kuku usiowajua. Jana nilichemsha moja, nikapanda nayo kwenye paa. Mwewe alikuwa kwenye mlingoti wa simu. Nikamrushia juu ya tangi la maji, nikamwita kama mwendawazimu.

Akaitazama. Akanitazama. Akaruka, akateremka mpaka kwenye kibanda cha chipsi barabarani, akaondoka na soseji ya mtu.

Nilicheka, halafu nikalia, maana Kukhu angekuwepo angemtukana vizuri sana. Kwetu mwanamke haruhusiwi kuila imondo. Niliiokota pale juu ya tangi, nikaipangusa kwa leso, nikaila yote. Kukhu, kama unanisikia huko uliko: kumbe ni tamu hivi?